Skonzi za Mwinjilisti

Klaudia binti Lwakatare hajui kucheka kidogo. Wanaouza naye mapazia ya mitumba pale sokoni Bukoba wanamjua: akianza, mteja wa meza ya mbali anageuka, na mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake anaamka. Ukimwambia jambo la kuchekesha asubuhi, jioni atalicheka tena peke yake akiosha vyombo. Mama mkwe wake, Ma Kokushubila, alikipa kicheko hicho jina tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Alikiita kicheko cha kilabuni.

Wala hakuwa anatania. Baba yake Klaudia, Ta Lwakatare wa Buganguzi, anatengeneza lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na si mtengenezaji wa kubahatisha. Kuna watu wanatoka Muleba mjini kuifuata. Na nyumba aliyoolewa Klaudia, hapa Rwamishenye, ni nyumba ya marehemu Mwinjilisti, Mlutheri na mlokole wa siku nyingi, aliyetumia nguvu zake zote kuhubiri dhidi ya pombe hiyohiyo. Wanasimulia kwamba siku moja aliwakuta watu wakikanyaga ndizi ndani ya obwato, ule mtumbwi wa mti wa kukamulia, akavua viatu, akapanda humohumo, akahubiri mpaka jua likaelekea kuzama huku maji ya ndizi yakimfika vifundoni. Waliokoka watatu. Wengine walisubiri ashuke, wakaendelea na kazi.

Sasa mtoto wa obwato aolewe na mtoto wa mimbari, hapo unategemea nini? Lakini Aroni alimpenda, na mapenzi hayaulizi dhehebu. Klaudia aliacha rozari kwao, akajifunza nyimbo za Kilutheri, akaimba kwaya, akazaa, akalea, akamuuguza baba mkwe wake mpaka siku ya mwisho. Bado. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Klaudia ilikuwa na ncha mbili.

Ncha ya kwanza ilikuwa dumu. Kila Pasaka Ta Lwakatare hutuma dumu la omulamba, yaani maji matamu ya ndizi kabla hayajachacha, kwa kuwa anaheshimu nyumba ya watu wa Mungu na hawezi kuwapelekea pombe. Yeye mwenyewe haji. Siku ya harusi Mwinjilisti alikataa kumpa mkono mbele ya watu, na tangu hapo mzee hajakanyaga Rwamishenye. Humkabidhi konda dumu, na Klaudia huenda kulipokea stendi. Likifika tu nyumbani, Ma Kokushubila hulinyakua, akaliingiza chumbani kwake na kufunga mlango, eti lisije likachacha likawa dhambi ndani ya nyumba. Hakuna aliyewahi kumiminiwa hata glasi moja. Baada ya sikukuu dumu hurudi tupu, limeoshwa likatakata. Klaudia aliamini kwamba mzigo wa baba yake unamwagwa kwenye shina la mgomba kule nyuma ya choo, na katika ndoa yake yote hakuna jambo lililomuuma kama hilo. Baba akimuuliza kwenye simu kama wameufurahia, alijibu kwamba wameufurahia sana, kisha akakaa kimya kidogo, yeye ambaye hajui kukaa kimya.

Ncha ya pili ilikuwa jiko. Ma Kokushubila, mwenyekiti wa akina mama usharikani, alisifika Rwamishenye nzima kwa skonzi zake za Pasaka: laini, zenye iliki na mdalasini, zimeokwa katika sufuria zito la chuma, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Mwinjilisti alizila maisha yake yote. Kila mwaka aliinua ya kwanza juu, mbele ya wageni, akamshukuru Mungu kwa mikono isiyogusa pombe, maana ni mikono ya namna hiyo tu inayoweza kuoka hivi. Siku ya kuoka mlango wa jiko ulifungwa kwa kigogo kutoka ndani. Hakuingia mkamwana, hakuingia hata Hellen, binti yake wa kumzaa.

Mwaka huu masika yalianza kwa fujo, baraza likateleza, na Ma Kokushubila akaanguka akavunjika mguu katikati ya Kwaresima. Aliwekwa kwenye kiti cha sebuleni, plasta juu ya stuli, na kutoka hapo akaendelea kuitawala nyumba kama kawaida, ila kwa sauti kubwa zaidi. Jumapili ya Matawi akawaita wanawe akatoa tamko. Yeye hataoka tena. Sufuria litakuwa la yule atakayeoka skonzi zikawa kama zile alizokula Mwinjilisti. Kwa kuwa Klaudia ndiye mke wa nyumba, ataanza yeye, Jumatatu ya Pasaka. Akishindwa, sufuria litapanda gari jioni hiyohiyo kwenda Kemondo kwa Hellen.

Usiseme ni sufuria tu. Katika familia ile mwenye sufuria ndiye mama wa nyumba. Huyo ndiye anayeamua sikukuu iliwe wapi na nani akae wapi mezani. Likiondoka Rwamishenye, Klaudia angebaki mgeni mpaka siku ya kuzikwa, na hilo alilijua vizuri kuliko yeyote. Hellen naye, wifi yake, si mtu mbaya hata kidogo. Ana oveni ya gesi, anapamba keki za harusi, na ndani ya siku ileile alituma kwenye kundi la WhatsApp la familia picha ya rafu aliyoiandaa kwa ajili ya sufuria. Aliitandikia na kitambaa cha kufuma. Klaudia alipoiona alicheka pale sokoni mpaka akakaa chini juu ya robota la mapazia. Kisha akanyamaza ghafla, kwa sababu alikumbuka kwamba katika maisha yake hajawahi kuoka kitu. Kukaanga maandazi alijua, lakini kukaanga si kuoka.

Alikwenda kuomba maelekezo. Ma Kokushubila alimpa, akitazama dirishani: unga, samli, mayai, maziwa, iliki itwangwe siku hiyohiyo, mdalasini usiwe wa kubana mkono. Alipofika kwenye hamira alisita, akakohoa, akasema anunue tu ile ya pakiti. Akaongeza kwamba hazitakuwa kama zake, ila zitalika. Klaudia alichukulia kwamba hiyo ni dharau ya kila siku, akaiweka pamoja na nyingine.

Dumu la mwaka huu lilichelewa. Basi liliharibika njiani, mzigo ukakaa siku kadhaa juu ya keria ukipigwa na mvua asubuhi na jua mchana, na Klaudia akaja kulipokea jioni ya Pasaka yenyewe. Alilibeba mpaka nyumbani, akapita nalo kimyakimya mlango wa nyuma, akalisukuma chini ya meza ya jikoni. Mama mkwe safari hii hana mguu wa kulifuata. Klaudia aliapa moyoni kwamba mwaka huu omulamba wa baba yake utanywewa na binadamu, kwenye glasi, mchana kweupe.

Jumatatu asubuhi aliamka na mafua. Si mafua ya kupiga chafya moja ukasahau. Pua zote mbili zilikuwa zimezibwa kama chupa. Hata hivyo alikuwa na furaha ya ajabu, ile furaha ya mtu anayekwenda kufanya jambo asilolijua. Alifunga kitenge kiunoni, akawatoa watu wote jikoni, akachukua kigogo cha mama mkwe na kuukaza mlango. Alisimama akautazama ule mlango uliofungwa na yeye yuko ndani. Alijiona mkubwa, akacheka mwenyewe.

Alitwanga iliki. Aliinamia kinu anuse, hakusikia kitu. Akainamia zaidi, akapiga chafya, na sehemu nzuri ya iliki ikaishia ukutani. Alitwanga nyingine. Aliyeyusha samli, akapasua mayai, akachemsha maziwa yakachemka hasa, maana maziwa yasiyochemka ni ugonjwa, hilo kila mama wa Bukoba anafundishwa. Yakiwa bado yanatokota akayamimina juu ya hamira, ili iamke vizuri. Hamira ni kiumbe hai, lakini nani alikuwa amemwambia? Ilikufa palepale bila hata kuombewa.

Alikanda akiimba wimbo wa Pasaka, sauti ikimtokea puani. Donge lilipolainika alilifunika kitambaa, akaliweka karibu na jiko, akakaa kulisubiri kama mtu anayesubiri mgeni stendi. Alifunua. Halijasogea. Alifunika, akafagia, akafunua tena. Alibonyeza kidole, shimo likabaki palepale likimtazama. Basi lile lilikuwa donge la kujengea ukuta. Klaudia alianza kuliona sufuria likiondoka getini ndani ya buti la gari la Hellen.

Hapo ndipo akakumbuka kitu alichowahi kusikia sokoni, kwamba hamira hula sukari. Kumbe maskini ina njaa! Lakini sukari iliyobaki kwenye kopo ilikuwa ya chai ya wageni, na chai bila sukari mbele ya watu wa usharika ni aibu nyingine. Macho yake yakateremka taratibu chini ya meza. Omulamba ni mtamu kuliko sukari yoyote. Alilivuta dumu, akafungua kifuniko, nalo likavuta pumzi ndefu, psiii, na povu jeupe likapanda mpaka mdomoni.

Mtoto wa Ta Lwakatare, aliyelelewa kando ya obwato, alitakiwa aelewe mlio ule hata akiwa usingizini. Ila pua haikuwepo, ulimi haukuwepo, na haraka ilikuwepo. Alionja akasikia ukali kidogo kooni, akasingizia mafua. Akamimina bakuli, akaona haba, akamimina jingine, akaongeza unga, akakanda upya kwa mikono miwili na maombi. Akafunika, akaenda kuoga na kupanga viti.

Aliporudi jikoni mchana alimkuta Aroni mlangoni. Alikuwa amekuja kutafuta chupa ya chai, lakini chupa alikuwa ameshaisahau. Alisimama ameinua pua juu, uso umemjaa mshangao.

"Mke wangu," alisema polepole, "mbona hapa pananukia Buganguzi?"

Klaudia alilitazama dumu. Aliutazama mstari wa povu uliokaukia shingoni mwake. Jua, keria, siku zile zote barabarani: vyote vikamjia kwa pamoja. Ndani ya nyumba ya Mwinjilisti, Jumatatu ya Pasaka, kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa amekanda skonzi kwa lubisi. Na pale kwenye beseni donge lilikuwa limefura, limekisukuma kitambaa pembeni, linachungulia nje ya ukingo kama mtu aliyesikia anatajwa.

Alitaka kulia. Kilichotoka kilikuwa kicheko. Alijiziba mdomo kwa ncha ya kitenge, na Aroni, mtu mzima, mzee wa kanisa mtarajiwa, akaegemea ukuta akatetemeka mabega mpaka machozi yakamtoka. Kila mmoja akinyamaza, alilitazama donge na kuanza upya. Kutoka sebuleni sauti ya Ma Kokushubila iliuliza kuna nini huko, nao wakajibu kwa pamoja kwamba hakuna kitu.

Aroni ndiye aliyerudiwa na akili kwanza. Alisema pombe haistahimili moto, itatoka yote na mvuke, kisha akachukua chupa yake ya chai akajiondokea, maana kwa mama yake yule bwana ni mwoga tangu kuzaliwa. Klaudia akabaki na beseni. Unga mwingine haukuwepo. Akimwaga, sufuria linakwenda Kemondo. Akioka na ikajulikana, sufuria linakwenda Kemondo na yeye huenda akaambiwa alisindikize, kisha apitilize hadi Buganguzi kwao. Aliwaza kwamba akiulizwa atasema kweli, asipoulizwa basi Mungu hakutaka aulizwe. Lakini kilichomfanya akate shauri ni kingine. Jasho la baba yake lilikuwa mle ndani, na hakuwa tayari kulimwaga kwenye shina la mgomba kwa mikono yake mwenyewe.

Alioka, basi. Alilibabua jani la mgomba motoni likalegea, akalitandika ndani ya sufuria, akapanga matonge moja kando ya jingine, akafunika. Makaa kidogo chini, makaa mengi juu ya mfuniko, hilo alikuwa ameambiwa. Kisha akangoja, na kile kijoto cha jikoni, mvuke na moshi vikamfanyia kazi ambayo dawa za dukani zilishindwa: pua moja ilizibuka. Harufu ikaingia. Iliki, mdalasini, samli, jani la mgomba, na nyuma ya vyote kitu fulani kitamu chenye uchachu, harufu ya nyumbani kwao asubuhi. Aliinua mfuniko kwa fimbo. Zilikuwa zimevimba zikashikana mabega, rangi ya kahawia ya kupendeza, moja tu ya pembeni imeungua kidogo kama kwa adabu. Klaudia alirudisha mfuniko, akaweka mikono kiunoni, akacheza. Alicheza peke yake jikoni, mlango umefungwa, mwanamke mzima mwenye binti wa kidato cha nne, na asingeacha hata kama askofu angebisha hodi.

Wageni walifika mvua ilipokatika. Hellen alitoka Kemondo amevaa vizuri, na ndani ya gari alikuwa na boksi lililotandikwa blanketi kwa ajili ya sufuria. Alikuja na Mzee Gamaliel pia, mwinjilisti mstaafu, rafiki wa marehemu, mtu ambaye hata dawa ya kikohozi husoma kwanza maandishi ya chupa. Chai ikamiminwa, skonzi zikaletwa kwenye sinia, na Mzee Gamaliel akaombwa kubariki. Aliomba kwa kirefu. Aliomba hasa kwa ajili ya walevi wa wilaya ya Muleba, mmoja mmoja karibu kwa majina, na Aroni akainamisha kichwa kupita kiasi cha mtu anayeomba.

Halafu mzee akauma. Akafumba macho. Akawa anatafuna tu, na kabla hajamaliza ya kwanza mkono wake ukaifuata ya pili wenyewe. Alisema kwamba anamwona Mwinjilisti pale kwenye kiti chake. Akala ya tatu ili amwone vizuri. Watoto walikuwa hawasemi kitu, na watoto wa nyumba ile kunyamaza ni muujiza. Hellen aliipasua ya kwake katikati, akaikagua ndani kwa jicho la fundi wa keki, akaonja, akatafuna polepole. Ni mtu wa haki, Hellen. Alichukua nyingine, akatazama dirishani kuelekea gari lake lilikokuwa, akahema.

Ma Kokushubila alikuwa ameishika ya kwake muda mrefu bila kuila. Aliigeuza chini, akaubonyeza mgongo wake, skonzi ikabonyea na kuinuka tena. Akaiuma. Klaudia aliyaona mataya ya mama mkwe yakitafuna mara moja, mara mbili, kisha yakasimama. Bibi yule aliweka skonzi kwenye kisahani kwa uangalifu mkubwa, akamwinulia Klaudia macho, akasema anataka kusindikizwa jikoni. Wawili tu. Akachukua magongo yake, na walipofika ndani akaonyesha kigogo kwa kidole. Klaudia akakaza mlango.

"Nani amekwambia?" aliuliza Ma Kokushubila.

Klaudia hakuficha kitu. Alisimulia maziwa, hamira, mafua, dumu, mlio, povu, yote. Alisema amekosa, na kama ni sufuria Hellen alichukue, lakini baba yake asilaumiwe, kwa sababu yeye alituma omulamba safi, lililouchachusha ni jua. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umefunguka, maneno yaliyokaa kifuani miaka yote yakatoka nayo. Alisema anajua dumu humwagwa kila Pasaka. Alisema baba yake anachagua ndizi zilizoiva vizuri kuliko zote kwa ajili ya nyumba hii, nyumba ambayo hajawahi kukaribishwa, na leo yeye alitaka angalau mara moja watu wauonje. Hakulia.

Ma Kokushubila alikuwa ameegemea meza. Alimtazama mkamwana wake kana kwamba ndiyo kwanza anaingia nyumbani.

"Niumwage?" alisema. "Mwanangu, miaka yote hiyo ulidhani nazioka na nini?"

Kisha akaketi kwenye kigoda akaitoa siri yake, kwa sauti ya chini, jicho moja mlangoni. Utotoni mwake nani aliijua hamira ya pakiti? Mama yake aliumua unga kwa lubisi, na mama yake kabla yake. Alipoolewa na Mwinjilisti aliacha, akajaribu kuoka hivihivi, na Pasaka ya kwanza mume wake akavunjika jino la mbele. Pasaka ya pili akarudia njia ya mama yake, amekusudia kabisa kumwambia mume wake jioni. Lakini Mwinjilisti aliinua skonzi juu mbele ya usharika mzima, akamshukuru Mungu kwa mikono isiyogusa pombe. Sasa utamwambiaje? Mwaka uliofuata akaiinua juu zaidi. Mtu akiinuliwa hivyo kila mwaka, kushuka kunakuwa kugumu. Alikuwa akiitafuta lubisi kwa kificho, kwenye kichupa chini ya kanga, roho mkononi, mpaka Aroni alipooa Buganguzi na madumu yakaanza kuja yenyewe. Basi yeye hulifunga dumu blanketi, akaliweka uvunguni, akalisikiliza usiku likichemka, mpaka siku ya kuoka. Halijawahi kumwagika hata tone. Skonzi zake zilizosifiwa kuliko zote, alisema, ni za tangu Klaudia aingie nyumba ile. Mwaka huu alishindwa kuinama uvunguni, akashindwa pia kusema, akaona heri mambo yaishe na hamira ya pakiti.

Klaudia alikuwa anawaona wageni wa Pasaka zote zilizopita, wachungaji, wazee wa kanisa, kwaya nzima, na marehemu mwenyewe ameinua mkono juu, na katika mkono ule, mwaka baada ya mwaka, kazi ya Ta Lwakatare. Uchungu wote alioubeba kuhusu lile shina la mgomba ukakosa pa kukaa. Machozi yalimtoka kwanza. Kicheko kikaja nyuma yake, na safari hii hakukiziba.

Na Ma Kokushubila akacheka. Alianza kwa kujizuia, mkono juu ya mdomo, kisha kikamzidi, akaachia kicheko kipana, kizito, kikatikisa vifuniko vya sufuria ukutani. Kilikuwa kicheko cha kilabuni, hakuna jina jingine. Sebuleni Hellen alinyanyuka kwa hofu, akidhani mama yake analia. Aroni alimvuta mkono, akamwambia akae anywe chai.

Walipotoka, bibi alitangaza jambo moja tu, kwamba sufuria limeshafika kwa Klaudia na halitoki. Hellen alimkumbatia wifi yake, akamnong'oneza amwambie ile harufu ya nyuma ni ya kiungo gani. Klaudia akasema ataulizia. Mzee Gamaliel alikuwa ameomba afungiwe mbili za kwenda nazo.

Ma Kokushubila alirudi kwenye kiti chake, akainua mguu juu ya stuli, akanyoosha mkono akadai simu. Si yake, ya Klaudia. Akaamuru apigiwe Buganguzi. Ta Lwakatare alipopokea alidhani ni binti yake, akauliza lile analouliza kila mwaka, kama wameufurahia, na akaanza kuomba radhi kwamba basi liliharibika, anaogopa omulamba umechacha njiani.

Bibi alimwacha amalize. Akamtazama Klaudia, aliyekuwa amesimama ameshika sinia tupu, akaketi wima kama mtu anayetaka kusali.

"Mkwe wangu, ni Kokushubila," alisema. "Umechacha sawasawa kabisa, waitu, mwenzetu. Pasaka ijayo usimpe konda. Ulete mwenyewe, kiti chako kipo mezani."

Upande wa pili ikasikika sauti ya mzee, ndogo, ikimuuliza mama mkwe wa binti yake kama amesikia vizuri, naye akamrudia neno kwa neno, kwa sauti kubwa, Mzee Gamaliel akisikia.